Misumari ya Konokono

Haya niliyasikia kwa binti wa Fundi Kamba mwenyewe, mwaka jana mvua zilipoanza, siku aliyokuja kunitazama mguu. Yeye ni muuguzi. Alinifunga bendeji, akaketi kungoja mvua ipungue, na mvua haikupungua, basi akasimulia mpaka chai ikapoa. Nayaweka hapa kama alivyoyasema, ila pale alipolia nimeruka.

Baba yake alikuwa mwashi. Jina alilopewa na wazazi lilishasahaulika mtaani, wote walimwita Fundi Kamba, maana hakuachana na kamba yake ya uashi. Mwashi, kama hujui, hajengi kwa macho. Husimamisha kona mbili kwanza, moja huku na moja kule, akavuta kamba katikati, na matofali yote yakafuata kamba. Kona zikiwa sawa na kamba ikiwa imekaza, ukuta hauna pa kupindia. Fundi alivuta kamba kwa kila kitu. Alivuta kamba kupanda vitunguu. Alivuta kamba kupanga viti vya msibani, wafiwa wakamwangalia tu. Watu walimtania kwamba hata mke alimpima kwa timazi kabla ya kumwoa, naye akijibu kwamba alimpima kweli, akamkuta kapinda kidogo, akamchukua hivyo hivyo.

Mke huyo alikuwa mwoka mikate, Mama Mkate. Mikono yake ilinukia unga hata siku za mapumziko. Chachu yake hakuinunua dukani. Alikuwa nayo kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, aliyopewa na mama yake, na kila asubuhi aliilisha unga na maji kama mtu anavyolisha kuku. Ukimwuliza ana watoto wangapi, husema wawili: mmoja yuko shule na mwingine yuko chupani.

Walipanga nyumba ya vyumba vitatu yenye ua. Uani Fundi alimjengea mkewe tanuri, la matofali ya kuchoma, lenye mgongo wa duara na mlango wa chuma. Tanuri lile lilikuwa kitu pekee maishani mwake alichokijenga bila kamba, kwa kuwa duara halivutiwi kamba. Alilijenga kwa kiganja, akipapasa, mkewe amesimama nyuma anacheka. Likatoka zuri kuliko kuta zake zote, na hakupenda kuambiwa hivyo.

Mwenye nyumba alikuwa mtu muungwana. Alipita kila mwisho wa mwezi kuchukua kodi, akapewa na mkate wa moto, akala amesimama. Siku moja, mdomo umejaa, akawaambia kwamba yeye akistaafu atahamia kwa wanawe, mji wa mbali, na nyumba hii ataiuza.

"Lakini nitaanza na nyinyi," akasema. "Nipeni miaka ishirini. Nyinyi nipeni mkate tu."

Miaka ishirini. Fundi na mkewe walitazamana. Mtu akipanga nyumba huwa anaazima paa, na tanuri haliondoki kwa mkokoteni. Tangu siku ile hawakuwa na haja nyingine. Nyumba ile iwe yao, tanuri lisibaki kwa mtu, wazeekee pale, wafie pale.

Wakati huo Fundi alikuwa ametoka kumaliza kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, ghala la mizigo, akalipwa laki moja. Mama Mkate naye alikuwa na laki yake, ya mikate, aliyoiweka tangu usichana wake. Wakaenda nazo ushirika wa akiba. Karani alikuwa mama mmoja mnene, mpole wa sauti, anayesema jambo mara mbili ili lisipotee. Akawaeleza kwamba akiba ni za namna mbili. Ya kwanza ni ya nyongeza: ukiweka laki, kila mwaka unaongezewa elfu kumi, mwaka huu kumi, mwakani kumi, hivyo hivyo mpaka uchoke. Ya pili ni ya mzao: kila mwaka unaongezewa saba kwa kila mia, ila wanahesabu juu ya chote kilichomo, pamoja na nyongeza za nyuma.

Fundi aliisikia ya kwanza akaielewa mara moja, kwa sababu ndivyo ukuta unavyopanda. Leo mistari kumi ya matofali, kesho kumi, keshokutwa kumi. Mkewe aliisikia ya pili, akatabasamu peke yake.

Njiani walibishana kwa sauti ya chini, kama wanavyobishana watu wanaopendana.

"Kumi au saba, ipi kubwa?" Fundi akauliza.

"Kumi."

"Sasa?"

"Kumi yako ni kumi milele, mume wangu. Saba yangu mwakani ina mtoto."

Fundi akapiga hesabu kwa vidole. Saba kwa kila mia, juu ya ile saba, ilitoka nusu tu. "Mtoto mwenyewe nusu," akasema. "Hata kutambaa hajui."

"Watoto wote huanza hivyo."

"Haba na haba hujaza kibaba, mke wangu. Wahenga hawakusema haba izae."

"Wahenga hawakuoka mkate."

Mwisho wakakubaliana kila mmoja aende na moyo wake. Laki ya Fundi ikaingia kwenye nyongeza, laki ya Mama Mkate ikaingia kwenye mzao. Majina yakaandikwa yote mawili kote kuwili, na karani alipouliza nani atakuwa anatia sahihi, wakasema sahihi ya mmoja yatosha. Mama Mkate ndiye aliyelisema. Alisema mtu na mumewe hawana mlango wa kufunga kati yao.

Basi Fundi akafanya jambo ambalo fundi mwingine asingelifanya. Chumba cha nyuma, kilichowekwa magunia ya unga, kilikuwa na ukuta mmoja alioupiga lipu mwenyewe, laini kama sahani. Akachora mstari wa chini, usawa wa kifua. Akasema kila elfu kumi itakuwa upana wa kidole gumba, na kila mwaka utakuwa hatua ya tofali moja kwenda kulia. Akapiga msumari wa kwanza juu ya vidole kumi, ndiyo ile laki. Kila mwaka siku ile ile alikwenda ushirika peke yake, kwa sababu mkewe haachi tanuri, karani akamtajia vima vya akiba zote mbili, naye akarudi na kupiga misumari miwili. Wake ulikuwa mkubwa wa mbao. Wa mkewe ulikuwa mdogo wa viatu.

Misumari yake ilipanda kwa kidole kimoja kila mwaka, imesimama kama gwaride, akaiita Askari. Ya mkewe ilibaki chini kidogo, akaiita Konokono.

"Konokono wako kaamka leo?" humwuliza akirudi.

"Kaamka, anavaa viatu."

"Avae upesi, Askari kashafika kambini."

Mwaka wa kwanza Konokono alikuwa nyuma kwa unene wa kijiti. Mwaka wa pili nusu kidole. Wa tatu ikazidi nusu. Mwaka wa nne Fundi alipiga msumari, akarudi nyuma hatua mbili, na utani ukamkauka mdomoni. Ilikuwa karibu kidole kizima. Kumbe kubaki nyuma kunazidi, hakupungui.

Alisimama pale na nyundo mkononi. Uani mkewe alikuwa akiimba na kupiga donge la unga juu ya meza, paa, paa. Fundi akatoa kamba mfukoni. Akaifunga kwenye msumari wa kwanza wa Konokono, akaivuta mpaka wa nne, akaikaza, akaipitisha mbele mpaka mwisho wa ukuta, huko iliko miaka ishirini. Kamba ikalala juu ya misumari vizuri. Ile ya katikati ilikuwa chini ya kamba kwa upana wa uzi tu, na upana wa uzi, kwa mwashi, ni sawa, lipu huufunika. Akavuta kamba nyingine kwa Askari. Zikaachana toka hapo mpaka mwisho, kama njia mbili za watu waliogombana.

Hakumwambia mkewe. Hapo ndipo jambo lilipoharibikia, binti alisema, si kwenye hesabu. Kama angemwita akaja na unga wake mikononi, angecheka, angemwonyesha ule upana wa uzi, na habari ingeishia hapo. Lakini Fundi alimpenda, na upendo wa kimya una wazimu wake. Alimwona siku ile ya mwaka wa ishirini, akiwa mzee, fedha zake zimepungua kwa sababu alisadiki unga, nyumba inauzwa kwa mwingine, naye hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Akaona bora amwondolee msiba mapema. Akaona atakuja kumwambia siku ya kununua nyumba, wacheke pamoja.

Asubuhi yake akaenda ushirika. Karani akamwambia kwamba anayetoka kwenye mzao mapema huacha nyongeza zote nyuma, anatoka na laki yake tupu. Tena akamwambia kwamba mzao unafungwa mwaka huu, hawapokei wapya, kwa hiyo akitoka hatarudi.

"Subira, Fundi," karani akasema. "Hii ya mzao hulala kwanza. Hulala kwanza, nakwambia. Mama anajua?"

Fundi akajibu kwamba yeye na mama ni mmoja. Alikuwa ameshapima kwa kamba. Hata akipoteza zile nyongeza, laki ikianza upya kwenye gwaride la kumi kumi, kabla ya mwaka wa ishirini itakuwa imeipita ile kamba ya Konokono. Kona zilikuwa sawa, kamba ilikuwa imekaza. Akatia sahihi.

Toka hapo, kila mwaka, alirudi nyumbani na kupiga misumari miwili kama kawaida. Ule mkubwa aliupiga panapostahili. Ule mdogo aliupiga pale kamba yake ilipokuwa imepita.

Mama Mkate hakuwa akiingia chumba kile kutazama. Alimwamini fundi kwa ukuta na mume kwa fedha. Magunia yenyewe yalikuwa yamejaa mpaka juu, akiingia anachota unga na kutoka. Utani nao ulipungua, lakini alidhani ni uzee wa ndoa, kila kitu hupungua makali. Mpaka mwaka wa tisa, asubuhi moja, alipoyavuta magunia ili apake chokaa ukutani, ndipo akaiona misumari yote kwa mara moja, toka wa kwanza.

Akaweka brashi chini. Akapima kwa kidole nafasi ya kupanda kati ya msumari na msumari, kama anavyopima donge. Zile za mwanzo zilikuwa zikiongezeka kidogo kidogo, ukucha hapa, ukucha pale. Toka wa nne kwenda mbele nafasi zote zilikuwa sawasawa. Sawasawa kama matofali.

Akamwita mumewe. Fundi alikuja na kikombe cha chai, akamkuta mkewe ameegemeza kidole kwenye msumari wa tano.

"Fundi," akasema, "huu ni ukuta wako au ni akiba yangu?"

Fundi akautazama ule msumari.

"Kitu kinachojizaa hakiendi hivi. Unga wangu ukipanda sawasawa namna hii najua umekufa. Fedha yangu imekufa lini?"

Akamwambia. Alimwambia yote, amesimama, chai inapoa mkononi, mpaka ile kamba na ile siku ya karani. Hakujitetea ila kwa neno moja, kwamba alikuwa akimwonea huruma.

Binti alikuwa mlangoni na begi la shule, na alisema hajawahi kuogopa kelele za mtu kama alivyoogopa kimya cha mama yake.

"Ungenicheka, ningekusikia," mama akasema hatimaye. "Miaka minne ulinicheka na nilikuwa nakusikia vizuri. Ulipoacha kunicheka ndipo uliponiibia."

"Sikukuibia, mke wangu. Nimeiweka mahali salama."

"Uliniona mjinga, ukaona haya kuniambia. Ng'oa misumari hii ya uongo. Kwa mkono wako."

Aling'oa mitano. Lipu ilibanduka kidogo kila msumari ulipotoka, matundu yakabaki. Mama akarudi kwenye meza yake na kukanda, akakanda kupita kiasi, na mikate ya siku ile ilitoka migumu kama visigino, wateja wakainunua hivyo hivyo.

Kesho yake alikwenda ushirika mwenyewe, mara ya kwanza katika miaka tisa. Karani alimpokea kwa machozi machoni. Lakini mlango wa mzao ulikuwa umefungwa kweli, na maji yakimwagika hayazoleki.

Binti alikuwa sekondari wakati ule, na ndiyo kwanza mwalimu alikuwa amewafundisha michoro ya namna hiyo, mstari unaokwenda kwa mwinuko mmoja na mstari unaojikunja kwenda juu. Akachukua penseli. Hakuna aliyemtuma. Alikaa chini na hesabu, akipiga saba kwa mia juu ya saba kwa mia, kisha akachora ukutani toka msumari wa nne wa Konokono njia ambayo angeipita. Mwanzo ilikwenda karibu sana na yale matundu. Halafu ikaanza kujitenga nayo. Mwaka wa sita ndio Konokono angekuwa nyuma kuliko wakati wote, na toka hapo angeanza kusogea. Mwaka wa kumi angekuwa nyuma ya Askari kwa unene wa kijiti, kama alivyokuwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa kumi na moja angempita. Na baada ya hapo penseli ilipanda mpaka binti akalazimika kusimama juu ya gunia.

Fundi aliitazama kazi ile toka mwanzo mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu, kwa nini kamba haikuona. Binti akamjibu kwamba kipande kifupi cha kitu kilichopinda huonekana kimenyooka, baba. Fundi akaitika polepole. Alijenga tanuri kwa mkono wake, angepaswa kujua.

Hawakuachana, wala hakuna aliyelala njaa. Mama aliendelea kumwandalia maji ya kuoga. Lakini aliacha kumwita mume wangu, akawa anamwita Fundi, kama wateja. Mwaka wa kumi na moja Fundi alirudi ushirika, akapiga msumari wake mkubwa, na ile njia ya penseli ikapita juu ya kichwa cha msumari kwa upana wa uzi. Upana ule ule. Alikuwa bado amesimama pale Mama Mkate alipoingia kuchota unga. Naye akasimama kidogo na bakuli lake.

"Leo tungepishana," akasema, akachota, akatoka.

Walijaribu kuziba pengo. Fundi alichukua kazi mbili mbili, akabeba saruji kwa umri usio wa kubeba, mgongo ukamvunjika vibaya, na fedha ya zile kazi ikaenda kwa daktari. Mama aliongeza mikate ya jioni. Mashimo ya nyumba ni mengi, binti naye alikuwa chuoni. Mwaka wa ishirini mwenye nyumba akastaafu kama alivyoahidi, akaja, akapewa mkate, akala ameketi safari hii kwa kuwa miguu ilikuwa imechoka. Alitaja bei ya haki kabisa. Laki sita na nusu.

Kwenye ukuta Askari alikuwa vidole thelathini. Ile laki iliyohamishwa ilikuwa imefika ishirini na sita. Jumla laki tano na elfu sitini. Ushirika haukukubali kumkopesha mzee wa mgongo mbovu. Mwenye nyumba alingoja miezi, kwa uungwana wake, kisha wanawe wakamsukuma naye akamuuzia mtu mwingine, akaja kuwaambia mwenyewe na hakukubali kupokea mkate.

Njia ya penseli ilipofika mwaka wa ishirini ilikuwa karibu na vidole thelathini na tisa. Pamoja na Askari ingeilipa nyumba, na ikabaki ya kupaka rangi. Hakuna aliyelisema hilo nyumbani. Kila mtu alikuwa ameshaliona.

Siku ya kuhama Fundi alitaka kulibomoa tanuri, achukue japo matofali. Alikuwa ameshika nyundo. Mama Mkate akaweka kiganja kwenye mgongo wa tanuri, bado lilikuwa na joto la mkate wa mwisho.

"Liache," akasema. "Ulilijenga vizuri."

Akachukua chupa yake ya chachu, akaifunga kwa kitambaa, akaipakata garini mpaka kule walikohamia.

Kilikuwa chumba kimoja na sebule, ghorofa ya pili, hakuna ua. Hapakuwa na pa kuoka. Lakini kila asubuhi Mama Mkate aliilisha chachu unga na maji, akatupa nusu, akalisha nusu. Mpangaji mwenzao alimwuliza ya nini, mkate wenyewe haoki. Akamjibu kwamba mtu hafukuzi mtoto kwa sababu amehama nyumba.

Hakukaa sana mle. Kifua kilimshika, kikashuka kwenye mapafu, na binti ambaye sasa alikuwa muuguzi alijua kabla ya kuambiwa. Fundi alimhudumia yeye mwenyewe. Alitembea kwa kukunja mgongo, mkono mmoja ukutani, kikombe mkono wa pili, na toka jikoni mpaka kitandani ilikuwa safari. Siku moja mkewe alimtazama toka kwenye mto akija na maji, hatua kwa hatua, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na kitu akatabasamu lile tabasamu la siku ya ushirika.

"Konokono," akamwita. "Kaamka?"

Fundi akasimama. Maji yalimwagika kidogo. "Kaamka," akasema. "Anavaa viatu."

"Avae upesi, basi."

Baada ya hapo akamwelekeza habari za chupa. Unga kiasi gani, maji ya vuguvugu siyo ya moto, usiifunge ikakosa hewa. Alimwambia akisahau siku moja itamsamehe, akisahau nyingi itakufa. Hakumwelekeza jambo lingine, wala mazishi, wala nguo. Alifariki wiki ile ile, mchana, binti akiwa amemshika mkono na Fundi akiwa jikoni akipima vuguvugu kwa kidole.

Miezi ikapita. Binti alikuwa akimtembelea kila atokapo zamu. Siku moja aliingia asubuhi, amechoka, akamkuta baba yake ameketi mezani mbele ya chupa. Kamba ya uashi ilikuwa imekatwa vipande vifupi, na kila kipande kimefungwa kuizunguka chupa, kimoja juu ya kingine.

Akamwuliza anafanya nini. Fundi akamweleza kwamba anailisha kukipambazuka, kisha kila inapopanda anafunga kamba pale ilipofika, kila saa kamba moja. Zile za chini zilikuwa zimekaribiana mpaka zinagusana. Ukizitazama hizo peke yake ungeapa kwamba kitu hiki hakiendi popote.

"Nyingine bado sijafunga," akasema. "Ngoja mchana uingie. Jana ilifika mpaka hapa." Akagusa mdomo wa chupa.

Binti akavuta kiti, akaketi.

"Mama yako aliniambia," Fundi akasema. "Mimi nilitazama asubuhi tu, nikadhani nimeiona siku yote."

Hapo ndipo niliporuka, kama nilivyosema.

Binti alinawa uso, akala kidogo alichokikuta. Baba akamwambia ajilaze kitandani kwa mama yake, shuka ni safi, amezifua mwenyewe. Alijilaza na viatu miguuni, akalala kabla hajavivua. Fundi akaenda polepole, akamvua kimoja, akamvua cha pili, akaviweka chini vimenyooka, kisha akarudi kwenye kiti chake.

Jua liliingia dirishani likaangukia meza. Chachu ikapanda. Akafunga kamba moja, halafu nyingine, sasa zikiwa zimeachana, halafu akaishiwa na chupa. Ule unga ulifika mdomoni, ukavimba juu ya ukingo, ukaanza kushuka ubavuni mwa kioo, juu ya kamba zote. Akaupangusa kwa kidole. Kidole kilinukia mikono ya mkewe. Hakukiosha. Alikiweka kwenye paja, akaegemeza kichwa ukutani, na huku chupa ikiendelea kumwagika taratibu mezani, Fundi Kamba akasinzia, kisha akalala.